Fedha za Mchezo

Zamu yangu ya mchezo imeangukia Juni:
riali mia mbili kasoro kumi.
Bi Thuwaiba kanihesabia mara mbili juu ya busati,
noti zinanuka udi wa kabati lake,
akauliza, "Bangili, au safari?"
Nikasema, "Kompyuta."
Akanyamaza kama aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

Basi mchezo ulipie mchezo.

Hilal ana miaka kumi na miwili na karatasi moja.
Kaikunja mara nne, kaificha ndani ya kofia.
Juu kaandika: kadi ya picha, gigabaiti nane, SI nne.
Halafu: ramu kumi na sita.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayeomba radhi:
taa zikiwepo, vizuri. Zisipokuwepo, basi.

Ruwi, saa kumi na moja jioni,
lami bado inalipa deni la jua.
Duka la kwanza: sanduku la kioo, feni sita,
nyekundu, kijani, zambarau,
kama ukumbi wa harusi bibi harusi hajafika.
"Mama, hii ndiyo ya gemu."
Hilal akanisogelea sikioni:
"Ndani hamna kitu."

Mimi sijui prosesa. Mbuzi ninawajua.
Mwaka nilioolewa huku, mama mkwe
alinipeleka Nizwa, mnada wa Ijumaa,
akaniambia: usitazame pembe zilizopakwa mafuta,
fungua mdomo, hesabu meno.
Nikamwambia muuzaji: fungua.
Akacheka, akasema sanduku lina lakiri, dhamana itakufa.
Nikachukua mkoba wangu.
Mbuzi wa kwenye gunia tulishauziwa,
mwaka ule wa friji.

Duka la pili vivyo hivyo. La tatu wamefunga.

La nne liko ghorofani, juu ya mshona kanzu,
ngazi zina giza, ukutani mikono ya watu.
Biju hakusema "mama", hakusema "ya gemu".
Alichukua bisibisi.
Sanduku jeusi, lilitoka ofisi ya bima huko Ghala,
mkwaruzo ubavuni kama kovu la ndui.
Ndani vumbi laini la jangwa.
Akalifagia kwa brashi ya rangi, polepole,
kama unavyompangusa mtoto matongo.
Kadi ikatokea. Hilal akafuata maandishi kwa kidole,
na kidole kinatetemeka.
"Nane," akasema. "Kweli nane."

"Mia na themanini na tano."
"Mia na hamsini."
"Dada, kadi peke yake..."
"Na lile kovu je, nalo nalilipia?"
Tukakutana mia na sitini na tano,
pamoja na kibodi iliyofutika herufi N.
"N naijua ilipo," akasema Hilal, haraka,
nisije nikabadilisha nia.

Bi Thuwaiba sikumweleza sababu.
Nyumbani namwambia mwanangu, "Njoo ule,"
ananijibu kwa Kiarabu.
Namwambia, "Umeoga?" Kwa Kiarabu.
Nilishakata tamaa, nikasema lugha nayo ina ukomo wake,
itaishia kwangu, hapa Mabela, baina ya jiko na sebule.
Ila Machi nilikwenda kumchukua kwa jirani,
na nyuma ya mlango nikasikia:
"Nifunike, we! Usinitangulie!
Nipo ukutani, nakufa, nakufa, njoo basi!"
Anazungumza na Mundhir, mtoto wa kaka yangu,
aliyeko Mwembetanga, hawajaonana hata siku moja.
Nilisimama pale, viatu mkononi,
nikawaacha wapigane mpaka wakashindwa.

Leo usiku imewaka. Haina taa,
ila kitone kimoja cha kijani, na feni inayokohoa.
Skrini ni ya mjomba, ina mstari katikati.
Sauti ikatoka ndani ya sanduku:
"Shangazi, shikamoo! Ina feni ngapi?"
"Marahaba. Mbili. Moja ina kifua."
"Ipige kidogo ubavuni," akasema Mundhir.
"Yetu nayo ndivyo tunavyoifanya."

Nikaipiga, pale penye kovu.
Ikatulia.