Risiti ya Hewa

Injini iko nyuma. Naanza na hilo,
maana kila apitaye gereji yetu ya Namakwekwe
hufungua boneti ya mbele, akaona tairi la akiba
limelala kama mbwa, akauliza nani ameiba.

Toyota ya viti viwili, miaka thelathini na miwili,
nyekundu iliyofifia ikawa rangi ya tofali la Mbale.
Mwenyewe ni Cheptoek, daktari wa meno,
anayepanda nalo Kapchorwa kila Ijumaa,
na kila Ijumaa, kona ya tatu kabla ya Sipi,
mshale wa joto husimama wima
kama askari aliyeitwa jina.

Linapoteza maji? Kidogo.
Moshi mweupe asubuhi? Hapana.
Oili imegeuka chai ya maziwa? Hapana, nyeusi.
Hita inatoa joto? Akacheka:
nani huwasha hita nchi hii?

Hapo ningesimama. Sikusimama.
Nikatamka, kwa sauti ya mtu aliyezeekea kazini:
gasketi ya hedi. Laki tisa, daktari, na wiki mbili.
Yeye, ambaye hang'oi jino
kabla ya kuyagonga yote, moja moja, kwa kijiti cha chuma,
alinitazama, akauliza tu:
"Umegonga?"

Marehemu Wamimbi aliyenifunza hakuwa na kitabu.
Alikuwa na ubeti mmoja,
akiunong'ona huku ananawa kwa mafuta ya taa:

    Anza pale pa kushika,
    usifungue haraka;
    chombo kina la kutaka,
    sikiza ndipo ukate.

Nimewafundisha ubeti huo vijana kumi na mmoja.
Siku ile mimi mwenyewe
nilikuwa nimeshatoa spana namba kumi na nne.

Ni Nandudu, mwanagenzi wa miezi mitano,
mwenye mkono unaopenya pale wangu unapokwama,
aliyelala chini na kushika mabomba mawili
yanayotambaa toka mgongoni hadi puani.
"Mwalimu, hili linaunguza.
Hili baridi kama chupa ya soda."
Nikashuka, nikashika.
Kiganja kiliona haya kabla ya uso.

Maji hayakuwa yakifika mbele.
Njia ndefu, chini ya sakafu yote,
na katikati kuna aliyekaa hataki kupisha: hewa.
Fundi mmoja wa Tororo alibadilisha rejeta,
akajaza, akafunga kifuniko,
akaacha humo ndani pumzi ya Tororo.

Tukaiinua pua juu ya matofali.
Hita tukaifungua hadi mwisho, jua la saa nane likitushangaa.
Daktari akaleta mpira wa dripu;
Nandudu akauchomeka kwenye rejeta, akautundika kwenye kamba ya nguo,
mimi nyuma nikimimina, kidogo, kidogo.
Kimya.
Kisha bluk.
Kisha bluk-bluk-bluk, robo saa nzima gari likicheua
kama mtoto aliyelazwa begani,
hadi maji ya kijani yakapanda mpira bila povu
na bomba la mbele likapata
joto la shingo ya mtu aliye hai.

Jumamosi alipiga simu toka Kapchorwa.
Mshale ulilala chini ya nusu njia nzima.
Paa bado linamvujia goti la kushoto,
taa moja bado inachelewa kuamka, inayakonyeza malori;
hayo, anasema, tuyaache, yanamchekesha.

Limebaki suala la risiti.
Kulanti lita sita: nimeandika.
Klipu mbili: nimeandika.
Mstari wa tatu kalamu ikasita.
Hewa huuzwa kwa lita au kwa aibu?

Nandudu akaichukua,
akaandika kwa herufi kubwa: HEWA. IMETOKA.
Na kwenye safu ya bei
akatia jina lake.