Bado

Siki naijua.
Miaka tisa naimimina juu ya chipsi za watu
hapa Fort Portal, kwenye kibanda cha mabati karibu na daraja la Mpanga.
Sikujua ina kazi nyingine.

Sista Kabasinguzi akachovya pamba.
"Hesabu pole pole mpaka sitini."
Nikahesabu. Darini buibui mmoja,
na doa la mvua lenye umbo la nchi nisiyoijua.
Nilipofika arobaini na moja
akaacha kunipigia soga.

"Kuna weupe," akasema.
Weupe! Neno la maziwa, la shela, la unga wa muhogo,
leo limehamia huko ndani, halina hata salamu.
"Ni saratani?"
"Bado."

Jamani, bado.
Nililinywea chai neno hilo, nikalala nalo.
Chipsi bado: maana yake zinakuja.
Mvua bado: anika nguo, ila usiende mbali.
Mimba bado: nilivyokuwa nikiambiwa ukweni, mwaka ule wa kwanza,
kila mtu akinitazama tumbo.
Sasa hili bado langu limeelekea wapi?

Niliporudi kutibiwa aliniuliza empaako yangu.
"Atwoki," nikasema, sauti ikanitoka ndogo, ya utotoni.
"Atwoki, ni joto la dakika moja tu. Kohoa."
Nikakohoa.
Maumivu yalikuwa kama ya hedhi, yalipita.
Harufu ndiyo iliyobaki. Mimi, mkaanga viazi,
siku tatu sikuweza kuwasha jiko.

Kisha maji. Wiki nne yananitoka,
vitambaa nimevianika nyuma ya nyumba chini ya kanga
kana kwamba nimeviiba.
Wiki sita mume asinikaribie, ndivyo ilivyoandikwa.
Araali akachukua mto wake, akahamia kwenye kochi
ambalo miguu yake haienei.
Usiku mmoja akauliza gizani:
"Ni mimi niliyekuletea?"
Sista alisema hakuna ajuaye, virusi hulala miaka.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nikamfunika miguu.

Kadi yangu iko nyuma ya kalenda:
rudi baada ya mwaka.
Tone la mafuta limeiangukia tarehe, bado inasomeka.

Jana mteja, mwendesha boda, kagonga sahani kwa uma:
"Mama, bado?"
Nikaviinua viazi kwa kijiko, nikavitazama vizuri.
Bado.
Nikavirudisha.