Ankara ya King'ora

Redio ilisema serikali imetoa fedha
kukiokoa Kiwanda cha Nyaya.
Baba alikuwa akimega bukari;
tonge likabaki hewani,
mchuzi wa lengalenga ukimdondokea gotini.

"Umesikia, Mwadi?"
Nimesikia.
Ni mara ya nne nasikia.
Mara ya kwanza nilikuwa darasa la pili,
wakapaka geti rangi ya buluu.
Mara ya pili walileta magari manne ya wakurugenzi
na mashine moja isiyo na plagi.
Ya tatu siikumbuki vizuri,
ila shangazi alishona kitenge.

Miezi thelathini na moja baba anawadai.
Ameichora kwa makaa ukutani, nyuma ya mlango,
vijiti vitano vitano,
na mama, Mungu amrehemu,
alikatazwa kupitisha chokaa pale.

Mimi nina kibanda Katuba:
meza, chuma cha kulehemu,
na Banza, mtoto wa jirani, mwenye vidole vyembamba.
Tunapasua betri zilizokufa,
za simu, za pikipiki, za kompyuta za wakubwa wa migodini,
tunachagua seli zenye pumzi,
tunazifunga ndani ya galoni la mafuta ya kupikia,
na umeme ukikatika usiku
wakunga wa zahanati wanazalisha kwa mwanga wetu.

Nilikwenda benki na viatu vya harusi ya dada.
Niliomba dola elfu tatu.
Kijana wa dirishani akauliza biashara ina umri gani.
Miezi kumi na minne.
Akatabasamu: rudi ikishakua.
Na Kiwanda cha Nyaya?
"Hicho, dada, ni kikubwa mno kuachwa kife."

Nikarudi kwa miguu, vumbi jekundu, baridi ya Juni,
ule mlima mweusi wa masalio ya shaba ukinifuata begani,
nikijiuliza mimi ni mdogo kiasi gani
hata naweza kuachwa.

Usiku nikamwambia baba maneno ambayo
mtoto hamwambii mzazi wakati wa chakula.
Kwamba maiti hanyweshwi uji.
Kwamba uji huo una wenyewe, wana njaa, wako hai.
Hakujibu.
Alichukua koleo langu, akaligeuza chini ya taa,
akanionyesha mpini:
namba ya kiwanda, imechongwa, 0417.
Koleo. Bisibisi mbili. Mkasi wa bati.
Na mkono ulionifundisha kuchuna waya
bila kuujeruhi.

Jumatatu, siku moja kabla ya sherehe,
mlinzi wa geti, mzee Kapya, alikuja kibandani
kofia mkononi.
King'ora hakina umeme. Wamekatiwa, wanadaiwa.
Waziri anataka kukisikia.
"Una betri?"

Nilikuwa nazo kumi na sita.
Banza alizipanga chini ya jukwaa,
chini ya zulia jekundu, zisionekane.

Nasema kweli: kilipolia
Katuba nzima ilisimama.
Wanaume wenye mvi walitoka milangoni wakifunga vifungo,
na baba, ndani ya ovaroli ambayo sasa inamzidi,
alinipita bila kuniona
akikimbia, asichelewe.
Dakika mbili. Kisha kikakohoa, kikanyamaza.

Alirudi saa sita mchana
na kofia ya kitambaa na chupa ya soda.
Soda alimpa Banza.

Ankara yangu waliipokea vizuri sana.
Waliigonga mhuri, wakaniambia nisubiri,
wakafungua daftari la wadai;
karani akatafuta nafasi, akaipata
mistari michache chini ya jina la baba.

Jioni nilichukua kipande cha kaa.
Baba akanisogezea taa nyuma ya mlango.
"Anzia hapa kando," akasema.
"Usibanane sana. Acha nafasi."