Unywele Mmoja

Hakuja na sabuni, Nilufa yule wa mjini,
wala picha ya kidudu kilichokuzwa kama ng'ombe.
Alikuja na mfuko wa unga wa manjano,
akasema, nichoreeni kijiji chenu hapa chini.

Tukachora kwa vijiti: mto Jamuna na mkono wake uliokufa,
msikiti, pampu, mashamba ya juti,
nyumba yangu, duara dogo kama la mtoto.
"Sasa kila mtu amwage unga
pale anapokwenda haja."

Kicheko! Wanawake tukauma ncha za sari.
Mzee Kuddus akakohoa kikohozi asichokuwa nacho.
Mimi nilimwaga kidogo, kwenye juti,
huko ninakokwenda kabla jogoo hajawika,
kisha nikajibana hadi magharibi,
maana mchana una macho na mwanamke hana kichaka.

Unga ukapita mkono hadi mkono.
Ukingo wa mto, njano.
Nyuma ya msikiti, njano.
Pampu ikabaki kisiwa.
Hapo kicheko kilikatika chenyewe.

Akaomba maji. Nikampa katika glasi yangu ya arusi.
Tukapokezana, tukanywa.
Kisha aling'oa unywele kichwani mwake,
akaenda nyuma ya kibanda, akaugusisha mahali,
akarudi, akauchovya.
"Nani anywe?"
Maji yaleyale, maangavu vilevile.
Hakuna mkono ulionyooka.
"Nzi ana miguu sita," alisema. Basi. Hakuongeza neno.

Mitu wangu alikuwa na mwaka na miezi tisa.
Agosti ile nilipunga nzi kwenye wali wake
kwa ncha ya sari hii hii, nikamlisha,
nikasema, kula mama, kula.
Siku tatu. Walisema ni kijicho,
nikauza kuku, nikanunua hirizi.

Nilitaka kumzaba kofi yule binti
kwa kuchelewa miaka minne.

Jioni mume wangu alichukua jembe bila kuniaga.
Akachimba hadi akabaki kichwa tu,
nami nikawa napokea udongo, karai kwa karai.
Hatukusemezana.

Glasi ile sikuweza kuinywea tena.
Iko mlangoni pa choo, imejaa majivu ya kunawia.
Wageni huniuliza: kitu kizuri hivyo, huku?
Nawaambia, nawa kwanza.
Nitakusimulia mikono yako ikikauka.