Kikao cha Kiraka

Tulikuwa watano na kompyuta saba,
tatu kati yake hai.
Chumba cha nyuma cha Feruzi, fundi cherehani,
Arua, Jumamosi, umeme umekatika tangu alfajiri,
betri ya sola ikituhesabia asilimia
kama mkopeshaji.

Ajenda niliiandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu:
Kiraka kiende wapi.

Jina alilitoa Feruzi, mwaka ule wa kwanza,
alipotuona tukishona msimbo wa huku na wa kule
juu ya mashine zilizotupwa na benki.
"Hicho si kipya," alisema, sindano mdomoni.
"Ni kiraka. Ila kiraka kikishonwa vizuri
hudumu kuliko nguo."

Onzima alianza. Onzima na suruali yake ya pasi.
Kuna shirika Kampala, lina fedha,
linataka nembo yake iwake kila mashine inapoamka,
na kijidirisha kidogo tu
cha kuhesabu nani kafungua nini, saa ngapi.
"Kidogo tu," na vidole vyake vikabana
punje ya simsim isiyokuwepo.
"Simsim ikinasa jinoni," alisema Letaru, "hulali."

Letaru anafundisha Maracha. Darasani kwake
mna mashine kumi na nne za biti thelathini na mbili,
vikongwe vyenye mapafu mabovu,
na ulimwengu, Onzima alieleza kwa upole,
umekwisha kuziaga.
"Ulimwengu upi?"
Hakuna aliyejibu. Ng'ambo ya ukuta
cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia.

Mimi nilinyamaza. Mimi ni mtu wa maneno.
Nilipokosa Kilugbara cha "hifadhi"
nilimuuliza mama, naye akanipa neno
la kutundika mbegu juu ya moshi wa jiko
zisiliwe na wadudu.
Nikalitia. Sasa watoto wa Maracha
kila siku wanatundika insha zao
juu ya moshi.

Ndipo Adriko, aliyekuwa akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti:
"Mwezi wa tisa naenda Kigali. Nimepata kazi."

Asilimia thelathini na moja.

Kiini cha Kiraka anakijua yeye peke yake.
Nilitazama ajenda yangu:
simu, fedha, nembo, toleo la nne.
Hapakuwa na mstari wenye jina lake.
Miaka sita, na hatukuwahi kumwandika
kama kitu kinachoweza kuisha.

Hatukupiga kura.
Onzima aliondoka bila kunywa chai.
Feruzi akaingia na sahani ya angara,
akasikiliza, akajifuta chaki mikononi.
"Mwanafunzi wa kukata simhubirii," alisema.
"Nampa kitambaa cha mteja."

Adriko akaisukuma kompyuta yake hadi magotini mwangu.
"Mimi?"
"Unajua kusoma, au hujui?"

Kwa hiyo nasoma.
Nasoma maelezo aliyojiandikia akiwa na miaka ishirini,
mengine matusi, mengine "usiguse hapa, sijui kwa nini inafanya kazi."
Nageuza msimbo kuwa mashine, inakataa. Nageuza tena.
Letaru ananiandikia makosa pembeni,
kwa kalamu nyekundu, alivyozoea.

Saa mbili usiku mlango uligongwa kwa mguu.
Onzima, kakumbatia betri ya lori la binamu yake,
asidi imemla suruali gotini.
Hakutaja shirika. Aliuliza tu
waya mwekundu unakaa wapi.

Chini ya *Kiraka kiende wapi*
nimeandika: *Maracha kwanza.*
Kisha: *watu wawili kwa kila ufunguo.*
La tatu sijalipata.

Hitilafu, mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Adriko amelala juu ya marobota ya vitenge,
kiatu kimoja mguuni.
Ningeweza kumwamsha.
Narudi mstari wa mia mbili na kumi na moja.