Kilo Mbili za Unga

Barke hagongi mlango kwa mkono.
Hugonga kwa ufunguo, mara tatu, kisha kimya,
maana mume wangu ana usingizi mwepesi na maneno mengi.

Navaa raba gizani, ukumbini,
na chini ya buibui, suruali ya mpira ya mwanangu
yenye nambari kumi pajani.
"Nambari kumi kaingia uwanjani," husema Tima,
kila alfajiri, mzaha ule ule,
na kila alfajiri nacheka kama mgeni.

Ramadhani wenzangu walikonda.
Mimi ilinipa kilo nne:
mbili za kaimati, moja ya tambi za nazi,
moja sijui ya nini, labda ya kuonja.
Daktari akaandika kwenye kadi: Apunguze.
Apunguze nini, na kwa miguu ya nani,
hakuandika.

Mfungo Mosi tukaanza, Langoni hadi Shela.
Siku ya kwanza nilifika hospitali nikaketi ukutani,
nikawaambia tangulieni, mimi hapa panafaa.
Hawakutangulia.
Shufaa akaketi nami, akavua kiatu,
akasema ana kijiwe.
Hakukuwa na kijiwe.
Siku ya pili kilikuwa kwa Barke,
siku ya nne kwa Tima.
Kilizunguka viatu vyote isipokuwa vyangu
mpaka siku nilipoukanyaga mchanga wa Shela
nikageuka kuwauliza: mbona mwachelewa?

Kupima, twapima dukani kwa Shufaa
kwenye mizani ya magunia,
kila Alhamisi, mlango umerudishwa nusu.
Mizani ile haijui adabu.
Imezoea mchele, sukari, misumari.
Shufaa huandika kwenye daftari la madeni:
jina langu, na chini yake ninachodaiwa.

Halafu ikaja harusi ya binti wa shangazi.
Siku saba za biriani.
Nikazima simu, nikasukumia raba mvunguni,
na ufunguo ulipogonga
nikanyamaza kuliko mlango.

Siku ya tisa sikusikia ufunguo.
Nilisikia nyayo.
Zapita chini ya dirisha, zafika kisimani, zarudi.
Nikachungulia: watatu, kichochoroni kwangu,
ambamo punda wawili hawapishani,
waenda na kurudi kama wasugua sakafu.
"Maji meyaa," akasema Barke bila kuinua uso.
"Ndia ya Shela haipitiki. Leo twatembea hapa."

Bahari ilikuwa imekupwa.
Tope la gatini lilinuka mpaka chumbani.
Nikainama mvunguni, nikatafuta raba.

Alhamisi iliyopita sindano ilitulia mahali pageni.
Kilo mbili.
Miezi mitatu ya jasho, nikasema, ndizo hizo tu?
Shufaa hakujibu. Akashusha pakiti ya unga,
ile ya kilo mbili, akanipakatisha kama mtoto mchanga.
"Nenda nayo Shela."

Mpaka hospitali ulikuwa unga.
Mbele ya hapo ukawa saruji.
Nikauhamisha bega hadi bega, mkono ukafa ganzi,
punda wa mchanga wakanitazama kama mwenzao.
Hakuna aliyenipokea,
na siku hiyo hakuna aliyekuwa na kijiwe.

Tulipofika nikauweka ukutani.
Mgongo ukanyooka wenyewe.
"Huo," akasema Tima, "ulikuwa ukilala nao."

Kurudi tulipokezana.
Bei yake Shufaa kaiandika daftarini,
ukurasa wa madeni ya kweli, hakunisamehe hata shilingi.

Jana niliukanda kidogo.
Mahamri manne, moja moja kwa kila mtu,
nikayahesabu mbele yao, na chai kavu.
Nikauliza, kesho je?
Barke alikuwa bado anatafuna.
Akaingiza mkono mfukoni,
akauchezesha ufunguo.