Pindo la Jicho

Chokaa haina urafiki. Miaka ishirini na sita
nimeizima pipani, nikaisikia ikichemka bila moto,
nikawapaka watu nyumba zao
Kibokoni, Mkanyageni, hadi nyuma ya Ndia Kuu,
na Jumatano moja, kabla ya chai,
tone likaruka.

Jicho la kushoto.

Twalib, msaidizi wangu, alinimwagia maji ya ndoo, ya dumu,
hata ya birika la udhu,
lakini chokaa ilishaanza kazi yake, na kazi yake naijua:
hushika, hukauka, huwa ukuta.
Miezi saba jicho likawa ukuta.
Jeupe. Hakuna fundi angelipaka vizuri zaidi.
Kisha mishipa myekundu ikatambaa juu ya weupe
kama mizizi ya mtini kwenye nyumba iliyohamwa.

Ndipo Daktari Mnyazi, binti wa Kaloleni,
mfupi, sauti ya mtu anayepima vitambaa,
akaichukua leso begani kwa mke wangu, akaitandaza:
"Hapa kati ni mji. Hapa pembeni ni pindo.
Jicho nalo lina pindo, pale cheusi kinapopakana na cheupe.
Pindoni hukaa seli shina,
seli ambazo bado hazijaambiwa ziwe nini.
Kila siku uso wa jicho unachakaa,
na kila siku zinazaa, watoto wanatambaa hadi kati
kuziba pengo.
Wewe pindo lako limeungua.
Mji hauna wa kuuzibia."

Nikamwuliza, zinauzwa wapi?
Akacheka. "Unazo. Jicho la kulia."

Akakata kipande, nusu ya punje ya mchele,
kwenye jicho lisilo na kosa lolote,
akakigawa kumi, au kumi na kimoja, sikumbuki;
nilikuwa macho, nami sina macho.

Na kitanda cha kuvilaza? Hapo ndipo niliponyamaza.
Ni utando wa zalio,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
uliomfunika mtoto tumboni.
Mwanamke fulani, aliyejifungua kwa kisu, aliulizwa mapema
akasema, chukueni.
Jina lake hawakunipa.

Zalio langu mama alilizika nyuma ya jiko,
akaweka jiwe juu, paka wasifukue.
Ndivyo tulivyo: mtu akiulizwa kwao ni wapi
hutaja pale kilipozikwa kitovu chake.
Sasa mimi kwetu ni kuwili.

Bendeji ilipotoka, usinitarajie niseme nuru.
Niliona ukungu wa manjano, na ndani ya ukungu
kitu chekundu kikitikisika.
Nini hicho? Zaituni akajibu, "Beseni."
Beseni!
Nililia kwa ajili ya beseni la plastiki
ambalo hata mpini mmoja lilikuwa halina.

Sioni kama zamani. Ubaoni nasoma mstari wa tatu,
wa nne nabahatisha. Daktari asema huenda mbele
nikahitaji kioo cha jicho la marehemu,
ila kwanza pindo lishike, ndipo mji.
Nimemwelewa. Nani hupaka rangi ukuta mbichi?

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Yule mtoto
sasa ana mwaka na kitu, anatembea.
Huenda ni wa Tudor, huenda Likoni, huenda Changamwe.
Utando ulishayeyuka, daktari asema, hauko tena,
si wangu si wake.
Sawa.
Lakini nikimkuta mtoto wa umri huo
akiburuta kandambili za mamake barazani,
natua ndoo, naivua ile miwani ya mafundi
niliyonunua Kongowea siku niliyorudi kazini,
namtazama kwa la kushoto.

Naye hunitazama.
Kisha humwita mamake.